Maneno Uliyomwandikia Mteja Wangu

Dar es Salaam

Deo mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeiitikia hata kabla hujaitoa: marahaba. Nyumbani hawajambo? Mguu wa baba unaendeleaje, na huko Bugarama mvua imenyesha au mnaangalia mawingu tu? Mimi mwili hauna shida. Moyo ndio umejaa hasira, na hasira zenyewe ni zako. Nimeandika kwenye karatasi na kumpa kondakta wa basi akuachie Nyakanazi kwa sababu simu zangu hupokei. Unajua ulichofanya.

Tangu nianze kuuza maharage ya nyumbani mtandaoni, wewe ukinunua huko na kupandisha magunia kwenye basi, mimi nikipokea huku na kupelekea watu, sijawahi kugombana na mteja. Huku hakuna anayetujua. Sina fremu ya duka, sina hata kibao mlangoni. Mtu ananitumia hela kabla hajaona punje moja, kwa sababu mwenzake aliyenunua ameandika kwenye ukurasa wangu kwamba Domitila hadanganyi. Hilo ndilo duka langu, Deo, sina lingine.

Sasa yule mama mteja wangu akaandika kwenye ukurasa, tena kwa adabu, kwamba maharage yamemwaibisha mbele ya wageni: nusu yamepondeka, nusu magumu kama kokoto. Akaweka na picha ya sufuria. Mimi nilikuwa njiani napeleka mizigo, nikasema nitamjibu nikifika nyumbani. Nafika, wewe umeshaingia kumjibu. Nani alikutuma? Ukamwambia hajui kupika. Ukamwambia wanawake wa mjini wamezoea chipsi. Halafu ukamalizia: ndiyo maana mumeo amekukimbia. Wenzako wa kijiweni nao wakajipanga chini yake kucheka. Ulikuwa umelewa rubisi, usinikatalie, nakujua.

Najua ulidhani unanitetea. Hapo Lusahunga unapouza ndizi za kuchoma, dereva wa lori akilalamika unamjibu unavyotaka, watu wanacheka, yeye anawasha gari anakwenda zake Rusumo, hamwonani tena. Huku mteja haondoki. Anakaa palepale na maneno yako, na kila anayetaka kununua anayasoma kwanza. Yule mama ntilie wa Buguruni ambaye huchukua gunia zima ameniambia, "Dada, nimesoma. Siku nikichelewa kukulipa, si mtanitukana hadi mama yangu?" Ameshatafuta mtu mwingine wa kumpelekea.

Niliona kumpigia simu yule mteja uliyemtukana hakutoshi, nikamfuata kwake. Nikachukua maharage yaliyobaki kwenye mfuko wake, nikayabandika mimi mwenyewe jikoni kwake, maana na mimi, nikiri tu, bado nilikuwa na kaimani kwamba umesingiziwa. Tukakaa. Nusu yakaiva hadi yakapasuka, nusu yakagoma. Umechanganya ya msimu uliopita na mapya. Usiniambie hukuona, tumekua tukichambua maharage kwenye ungo wa mama, ya zamani unayajua kwa rangi tu. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Tukiwa tunasubiri sufuria nikaona picha ya mwanamume ukutani, imevishwa rozari. Nikauliza. Akasema, "Ndiye mume wangu. Maharage yale yalikuwa ya chakula baada ya misa yake ya kumbukumbu."

Yeye akaendelea kukoroga sufuria taratibu, akaniambia, "Binti yangu ameyasoma yale maneno. Ananiuliza huyo mtu alimjulia wapi baba." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, jikoni kwa mtu niliyekwenda kumwomba radhi.

Hela yake nimemrudishia. Nimeandika kwenye ukurasa kwamba mteja alisema kweli na kosa ni letu. Maneno yako nimeyafuta, ila kuna waliokwisha kuyapiga picha, wanatumiana. Jina nililolijenga kwa kukimbizana na mizigo juani umelichafua kwa dakika chache ukiwa umekaa kwenye benchi.

Kuanzia sasa maharage nitanunua kwa wifi, mkeo, ambaye akiniambia ni mapya najua ni mapya. Wewe utabeba gunia mpaka Nyakanazi, ulipandishe kwenye basi, urudi. Kwenye ukurasa wangu usionekane hata kwa kusalimia.

Baba mpe shikamoo yangu. Mama mwambie kitenge nimekipata ile rangi aliyotaka, ila haya mengine usimfikishie, presha yake itapanda. Wifi nambusu na watoto wake. Shangazi wa Biharamulo akija kutembea, mwambie dawa yake ya macho nitaituma na basi hilihili.

Ukimaliza kusoma najua utawasha simu unitafute, uanze kulia na kuniomba msamaha, maana machozi yako yako karibu. Usiniombe mimi. Mimi sikufiwa na mtu. Namba ya yule mama nimemtumia mkeo, kaa naye umpigie akiwa anasikia, na mpaka utakapompigia, simu yako sitaipokea.

Ni mimi dada yako,
Domitila