Mukeke Aliyezunguka Sinia

Mjukuu wangu Salma, amahoro. Huku Rumonge tuko wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Kwenye simu nilicheka tu uliponiuliza chakula changu cha mwisho ningependa kiwe kipi, na nile na nani. Ni ugali wa muhogo na samaki mukeke kwa mawese, kama siku tuliporudi kutoka Kigoma. Samaki alikuwa mmoja. Mama alimsukuma upande wangu wa sinia, nikamsukumia dada yangu, naye akamrudisha kwa mama. Alizunguka hivyo mpaka akavunjikavunjika ndani ya mawese, tukachovya wote.

Wale wawili hawapo tena. Njoo ukae upande wao. Nikikusukumia samaki, usimle upesi.

Bibi yako