Sauti ya Ndugu Yangu Iliyobaki Winguni

Mshauri wa redio, mpendwa wetu sote tunaokusikiliza kila Jumatano,

Naomba msaada wako, na ujue kwamba mimi si mtu wa kuomba, waulize watu kuanzia barabara ya lami mpaka ziwa la chumvi watakuambia ni koo la nani linafungua nyimbo za jando huku kwetu, na herufi hizi nilifunzwa misheni kidogo tu kabla sijakimbilia kazi ya ng'ombe, kwa hiyo zikipinda utazinyoosha wewe mwenyewe.

Ndugu yangu mdogo amefariki. Simtaji, maana kwetu jina la marehemu halitamkwi, na hata mpwa wetu mwenye jina kama lake tunamwita jina jingine sasa. Tulihamia kambi ya msiba, nyumba yake tukaifukiza moshi wa majani, wanawake wakafagia nyayo zake uani mpaka kwenye njia ya dukani, picha zake tukazigeuzia ukutani. Yote hayo niliagiza mimi na yalifanyika sawasawa, hakuna aliyethubutu kuchelewa.

Sasa huyu ndugu ameacha binti, Rowena, ambaye kwetu ni binti yangu vilevile, anakaa mjini Alice Springs na kazi yake ni kutengeneza programu za kompyuta. Alitutengenezea programu ya kufundisha watoto lugha yetu, mtoto anabonyeza picha ya mjusi anasikia mjusi anavyoitwa, anabonyeza kisima cha mwamba anasikia jina la kisima kile. Sauti iliyomo ni ya baba yake. Mimi nina sauti kubwa kuliko yake, hilo halina ubishi, lakini walimchagua yeye wakasema eti anatamka polepole, wala sikujali.

Rowena alinieleza kwamba zile sauti hazikai ndani ya simu, zinakaa winguni, na si wingu la mvua, ni mashine za watu anazozikodi, moja iko Sydney na nyingine Melbourne ya kungoja, ya kwanza ikianguka ya pili inaamka yenyewe bila mtu kujua. Nikamwambia hiyo akili nzuri, ni kama kuwa na Toyota mbili jangwani. Baba yake alipofariki alizificha sauti zisisikike siku hiyohiyo kwenye mashine ya kwanza, akaja kambini kulia kama binti anavyotakiwa, kompyuta kaiacha, maana kwetu mfiwa hafanyi kazi. Ile ya kungoja hakuigusa.

Basi mashine ya Sydney ikaanguka, sijui ilikula nini, ya Melbourne ikaamka na mambo yake ya zamani, na shuleni mtoto akabonyeza picha ya maji, na marehemu akasema maji. Darasa zima likasikia. Shangazi zake Rowena waliokuwa wanapika chakula cha shule wakasikia, na kilio chao kilifika mpaka kambini, mmoja akajipiga jiwe la kichwa mpaka damu, shule ikafungwa.

Nikamwita Rowena mbele ya watu. Nikamwambia, "Tumefagia nyayo za baba yako ardhini, wewe umeziacha huko juu. Kafagie."

Akasema, "Baba mkubwa, nisamehe. Nitazifunga kwenye mashine zote mbili, hazitasikika tena."

"Sikusema funga. Nimesema fagia."

"Ukifagia huko juu, nyayo hazirudi tena."

"Ndiyo maana ya kufagia."

Mtu mmoja nyuma akacheka, vibaya wakati wa msiba. Rowena akafungua kompyuta juu ya boneti ya gari akafuta, nami nimesimama begani kwake natazama kama mtu anayesoma. Alipomaliza nikasimama katikati ya kambi nikaapa kwamba hakuna kilichobaki, juu wala chini.

Juzi amenijia, kaniletea mkia wa kangaruu nikajua ana neno. Tumekula. Akasema, "Baba mkubwa, bado hazijafa."

"Nini hakijafa?"

"Sauti. Ghala tunalokodi huko winguni kuwekea sauti lina desturi yake. Ukifuta kitu wanakiweka pembeni kwanza, kwa sababu watu wa kazi yangu hukosea sana. Mwezi huu ukiisha wanakitupa, na kikishatupwa hata mwenye ghala hawezi kukirudisha. Nangoja neno lako."

"Kwa hiyo ulinidanganya mbele za watu."

"Nilifuta kama ulivyotaka. Hukuniuliza kufuta ni nini."

"Mdomo huo umeutoa kwa mama yako."

"Mama hasemi. Unajua hasemi."

Ni kweli, mama yake ni mjane, na mjane wetu hatoi neno mpaka afunguliwe kinywa, anaongea kwa mikono.

Sasa liko jambo moja linaninyima usingizi. Mimi na ndugu yangu ni baba mmoja, mama mbalimbali. Visima vya kule magharibi ni vya nchi ya mama yake, na katika wakubwa waliobaki ndugu yangu peke yake alikuwa na haki ya kutamka majina ya visima hivyo. Mimi nayajua, nayajua yote, lakini si yangu kuyasema, nikiyasema mdomo huu utaoza. Yamo mlemle ndani ya zile sauti.

Nikisema ziwekwe, kiapo changu kimekuwa cha mtoto, na sheria nimeivunja mimi ninayeilinda. Nikinyamaza, mwezi utaisha wenyewe na hakuna atakayejua isipokuwa Rowena, na Rowena siku hizi haniangalii usoni. Nijibu upesi, na usitaje kijiji.

Mimi Mwenye Nyimbo

*

Mzee Mwenye Nyimbo,

Pole kwa msiba. Kumzika mdogo wako ni kupinduliwa kwa mambo, na uzito huo siuchezei. Pole umeshaipokea, sasa vumilia kugombezwa.

Kabla hujamaliza kusikiliza jibu hili mpigie Rowena umwambie neno moja tu, "Zuia." Ataliagiza lile ghala lisitupe kitu, basi. Kuzuia si kufungua. Hakuna sikio litakalosikia chochote, na wewe utakuwa umepata nafasi ya kufikiri, ambayo pale kwenye boneti ya gari hukumpa mtu yeyote, hata nafsi yako.

Unasema unailinda sheria. Nyumba yake mliifukiza moshi, hamkuichoma moto. Picha mmezigeuza, hamkuzichana. Umeandika hayo kwa mkono wako. Sheria yetu hufunika mpaka machungu yatulie, kisha wenye haki hufunua. Kwa nini basi sauti peke yake ndiyo uliyoamuru iangamizwe? Umenieleza pia, bila mimi kukuuliza, kwamba sauti yako ni kubwa kuliko yake na kwamba hukujali walipomchagua yeye. Mtu asiyejali hakumbuki. Hilo kalitafakari peke yako, mimi silirudii tena hewani.

Hapa redioni tunazo sauti za watu wetu waliotangulia, na nyingine hata mimi sijaruhusiwa kuzisikia. Zimefungwa. Familia ikisema fungua, tunafungua. Rowena anavyo vyombo hivyohivyo vya kazi huko winguni kwake: cha kuamua nani aingie na nani asiingie, cha kuandika kila aliyegusa, cha kupiga kengele mtu akijaribu mlango, na hilo ghala linaloweza kukirudisha kilichofutwa kwa pupa. Alikuambia atafunga ukamkejeli. Mwache afanye kazi aliyoisomea. Lakini naye nina neno lake. Binti, mashine ya kungoja usiiamini kwa kuikumbuka tu. Shule ikiwa bado imefungwa, iangushe ile ya kwanza makusudi, na mwenzako wa kazi asiye wa ukoo asikilize hiyo ya pili inasema nini. Wewe usisikilize. Kisha mzunguke kuzikagua simu za kijijini, maana simu nazo hujiwekea nakala ya kilichowahi kubonyezwa.

Sasa mzee, umeniandikia barua ndefu mimi niliye mbali, na mwenye mume, yule mjane, hujamuuliza. Usiniambie hasemi. Mikono anayo. Nenda na dada yake, keti ubavuni bila kumtazama usoni kama inavyopasa, dada amuulize, na wewe ungoje. Mikono ikisema zife, zitakufa na hutaongeza neno. Ikisema zifungwe, zitafungwa mpaka yeye aseme. Usiende ukiwa na jibu lako mfukoni.

Na kile kiapo. Rudi pale pale katikati ya kambi useme, "Niliapa jambo nisilolielewa." Maneno hayo yatakuchoma koo, na koo lako, kwa ulivyonieleza, linaweza kuyabeba. Watu wetu hawamdharau mkubwa anayerudisha neno kwa kinywa chake. Humdharau yule ambaye neno lake linarudishwa na wengine, na katika kambi ya msiba hakuna siri inayomaliza wiki.

La mwisho ni visima. Nasadiki unayajua majina yote, na nakuheshimu kwa kuyanyamazia, wengi wa siku hizi wangekwisha kuyaropoka. Lakini haki ya kuyatamka sasa imemwangukia Rowena kupitia kwa baba yake, naye hajayashika. Wewe huruhusiwi kumfundisha. Baba yake bado anaweza, ikiwa mwezi huu hautaisha wewe ungali umenyamaza.