Pampu Yangu Aliyoiita Takataka

Jumanne, Majengo

Bado nina hasira. Miaka ishirini nimelitunza lile gari la mbio la Kiitaliano la marehemu mzee Aloisi, na leo watoto wake wamewaita matajiri walikague kabla ya mnada. Mmoja kutoka Nairobi alifungua boneti, akaiona pampu ya mafuta niliyoichonga mwenyewe, akasonya.

"Fundi, hii takataka si ya asili. Itoe."

Nikaitoa, nikaifunga kwenye kitambaa.

"Bosi, sasa halitawaka."

"Nani kakwambia nataka liwake? Nitaliweka sebuleni, wageni walione."

Gari lililokuwa likipanda mpaka Marangu bila kukohoa! Nilikusanya spana zangu, nikaondoka bila kumuaga mtu.

Mungu anisamehe, lakini naomba ashindwe mnadani.