Vitufe Ninavyovijua Peke Yangu

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji na wanao. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila macho tu yanauma. Mama anaendeleaje na mguu? Bado anawagombeza wauguzi? Akigombeza, basi nafuu ipo.

Umeniuliza mara tatu kwa nini siji, na mara ya mwisho hukuficha hasira. Nilikujibu kwamba bosi wangu, wakili, ananinyima ruhusa. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Unajua hapa nachapa mikataba. Mwaka juzi uvumi ulipoenea kwamba watu watapunguzwa, niliamua kujifanya mtu asiyeachika. Programu tunayoandikia inakubali kupangiwa vitufe upya, hata kutungiwa amri zako mwenyewe. Nikakaa nayo miezi. Kitufe kimoja kikawa kinaandika utangulizi mzima wa mkataba; kingine kinapanga upya namba za vifungu; kingine kinabadili majina ya wahusika kila mahali. Kazi ya siku nzima ikawa ya saa moja. Wakili akanisifu mpaka nikavimba kichwa.

Sasa sifa zimekuwa pingu. Nikiomba siku mbili tu, anauliza nani atakaa kwenye mashine ile. Hata chakula cha mchana nakila hapa hapa mezani, mlango ukiwa wazi ili anione.

Dada, lililobaki nalisema kwa aibu. Yupo ambaye angeweza kunishikia kazi: yule mama wa meza ya pili, aliyenipokea nilipoanza kazi. Aliniomba nimfundishe. Nikamwonyesha kitufe kinachofuta faili moja kwa moja, nikamwambia kinahifadhi. Ukapotea mkataba wa kurasa arobaini. Wakili akamhamishia mapokezi, naye muda wote huu aliamini amekosea mwenyewe.

Jana asubuhi nilimfuata nikamweleza yote. Akasema, "Nami nilikuwa nikikuombea, mwanangu." Sikuwa na pa kuuweka uso. Kisha akavuta kiti, akatoa kalamu. "Haya. Cha kwanza kinafanya nini?"

Tumefika cha kumi na tisa. Wakili naye nimemwambia. Aliubamiza mlango tu. Nikirudi huenda nisikikute kiti changu.

Ijumaa nitakuwa hapo. Mwambie Mama nakuja. Mengine niachie nimwambie kwa kinywa changu. Nibusie watoto, na shemeji umwambie anisubiri stendi.

Ni mimi,
kitindamimba wenu