Prufu ya Truphena

Jumanne, 13 Mei

Uji umeungua tena. Wafula hakujali, amekunywa na kulamba kikombe. Naliaka amekataa, eti unanuka moshi. Nikamwambia hata mimi nanuka moshi na hakuna aliyenikataa. Hakucheka. Ana miaka saba na amekuwa kama mwalimu wa zamu.

Nywele zake nimesuka mimi. Mistari minne, yote imekwenda kombo. Mama yake, Truphena, alikuwa amelala chali akielekeza kwa kidole: kushoto, kushoto, si hapo. Ilikuwa kazi yake kila Jumapili, lakini tangu aanze dawa mikono yake haina nguvu, na mimi nimekuwa nikiiahirisha mpaka Jumanne. Watoto wa mtaa wetu wa Waithaka wana macho. Mwanangu ataitwa shamba la viazi.

Alhamisi ni kemo ya nne, ile dawa ya saratani. Zote ni nane, halafu upasuaji wa titi. Hatujafika nusu na nimeshachoka.

Alhamisi, 15 Mei

Nusu. Basi tumefika.

Dawa nyekundu ndiyo anayoichukia. Hufunika macho na leso asiione ikishuka kwenye mrija. Mimi nashika mkoba. Hiyo ndiyo kazi yangu pale hospitalini, kushika mkoba na kusema "ndiyo, daktari".

Jirani yetu Mama Kevo aliwachukua watoto shuleni. Mungu ambariki, ingawa aliwalisha chipsi mpaka Wafula akatapika kama mama yake. Tumelala na ndoo mbili.

Jumapili, 18 Mei

Akina mama wa kanisa wamekuja. Maombi marefu. Mmoja akalia kwa sauti na Truphena ndiye aliyembembeleza. Nilikasirika, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Wenzake wa ofisini, kule Westlands, walimtumia wigi. Ghali, inang'aa. Wafula amemvisha paka. Paka akatoka nayo mbio, akapita chini ya uzio wa mabati, na Mama Kevo akapiga nduru akidhani ni mnyama wa mwituni. Truphena alicheka mpaka akashika mbavu. Kicheko cha kwanza tangu Alhamisi. Naandika nisije nikasahau.

Jumatano, 21 Mei

Hili sitamwambia mtu.

Dukani River Road tunachapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za makanisa. Lakini kinachotulisha ni programu za mazishi. Picha ya marehemu juu, chini yake macheo na machweo, yaani siku ya kuzaliwa na ya kufa, ndani historia yake. Nimezipanga miaka tisa. Maneno yanatoka yenyewe: mke mpole, mama mwenye upendo, mcha Mungu.

Mwenye duka, Madam Hansa, ana sheria moja. Hakuna kazi inayoingia kwenye mashine kabla mteja mwenyewe hajasoma prufu, ile nakala ya majaribio, na kusaini pale chini palipoandikwa "Nimesoma, nimeridhika". Sheria hiyo ilikuja baada ya kuchapa picha ya kaka aliye hai kwenye programu ya kaka aliyekufa. Yule kaka alikuja mwenyewe dukani kulalamika.

Leo mchana hakukuwa na mteja. Nikafungua ukurasa mtupu wa programu. Nikaweka picha ya Truphena, ile ya gauni la kijani. Nikaandika jina lake. Nikajaza alikozaliwa, majina ya watoto, mke mpole na mengine yote. Macheo nikajaza. Machweo nikaacha.

Sijui kwa nini nilifanya hivyo. La, najua. Nilitaka kuona kama ninaweza kuiangalia. Mkono ukabonyeza kuchapa kwa mazoea tu, ikatoka prufu moja, ina joto. Nilikaa nayo mpaka akaingia mama mmoja na picha ya mumewe kwenye bahasha. Nikaisukuma yangu katikati ya rundo la karatasi mbovu.

Naona aibu hata kuiandika.

Jumamosi, 24 Mei

Nusu siku kazini. Mvua, baridi, viatu vimeingia maji. Nimewaletea watoto karatasi mbovu kama kila Jumamosi. Upande mmoja umechapwa, mwingine mweupe, wanachora huko. Naliaka alijifunza kusoma kwa karatasi hizi. Marehemu wengi anawajua kwa majina, anawaita watu wa kazi ya baba.

Nimelala kwenye kochi mchana kutwa na viatu vyangu. Nimeamka mate yakinitoka. Kichwa kimejaa pamba.

Jumapili, 25 Mei

Naandika nje, kwenye ngazi. Ndani siwezi kukaa.

Baada ya kanisa Naliaka alimpelekea mama yake mchoro. Mama mwenye nywele nyingi, zimejaa maua, mpaka nje ya ukingo wa karatasi. Truphena akausifu. Akaugeuza. Upande wa pili ni ile prufu.

Naliaka ndiye aliyefurahi. "Hata mama ametengenezewa yake! Na ni ya rangi!" Kwake ni heshima. Wote anaowaona humo wamevaa vizuri na wamesifiwa.

Truphena alisoma yote. Hakuruka mstari. Kisha akaikunja mara mbili, akaitia chini ya mto.

"Umenizika, Baba Naliaka," alisema. "Hukungoja hata nife."

Nikasema lilikuwa jaribio tu. Jaribio! Mtu mzima mimi, na hilo ndilo neno nililolipata.

Jumatano, 28 Mei

Haongei nami. Anaongea na watoto, na Mama Kevo, na paka. Kwangu anamtuma Wafula. "Mama anasema chai haina majani." Mtoto wa miaka minne amekuwa posta.

Naliaka ameniuliza alikosea wapi. Nikamwambia hakukosea yeye, nimekosea mimi. Akauliza mimi nimekosea wapi, mbona picha ni nzuri. Nikamwambia avae soksi.

Kazini nimelitafuta lile faili kwenye kompyuta nikalifuta. Halikupunguza kitu.

Ijumaa, 30 Mei

Amevunja kimya. Ingekuwa heri angeendelea nacho.

Haendi kemo Alhamisi ijayo. Amesema hivyo huku akikunja nguo za watoto, bila hasira, na ndicho kilichonitisha. "Wewe unayenilisha, unayenishikia ndoo, ushamaliza na mimi. Sasa mimi nabishana na nani kwamba nitapona?"

Nikapandisha sauti. Nikamwambia ana watoto. Akaniambia anajua, aliwazaa yeye. Nikatoka kabla sijasema la kijinga zaidi, nikazunguka mpaka barabarani na kurudi, matope mpaka kwenye vifundo.

Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na nafsi yangu. Daktari alituambia waziwazi: uvimbe umeanza kupungua, msiruke hata dawa moja. Umeanza kupungua! Na aliyeingiza karatasi ile ndani ya nyumba ni mimi, na mfuko mkononi, kama mtu aliyeleta mkate.

Jumanne, 3 Juni

Baada ya kuwafikisha watoto shuleni sikwenda kazini. Nilirudi, nikakaa pembeni mwa kitanda, nikamwambia.

Nilimwambia naogopa. Kwamba kila nikiletewa picha ya mwanamke wa umri wake nafanya kazi nimegeuza uso. Kwamba nilitaka kuitazama ile hofu mara moja iniache, na haikuniacha. Kwamba pale pa machweo vidole vilikataa. Nililia vibaya, kwa kamasi. Nilidhani atanishika mkono. Hakunishika.

"Nenda kazini," alisema. "Utafukuzwa."

Kesho ndiyo siku ya kupimwa damu. Asipopimwa, keshokutwa hapewi dawa. Sikumuuliza. Nimeogopa jibu.

Jumatano, 4 Juni

Niliamka nikasikia mwiko kwenye sufuria. Truphena alikuwa jikoni, amevaa, kitambaa kichwani. Uji haukuungua. Mezani karatasi ile, imenyooshwa, na kalamu nyekundu ya Naliaka. Akanisukumia.

Ameisahihisha. Yote.

Mahali alipozaliwa nilikuwa nimeandika Webuye. Amekata, ameandika Kimilili. Miaka kumi na mmoja ya ndoa! Pembeni mwa picha: "Gauni la kuazimwa. Tafuta picha nyingine." Mtoto wa kwanza na wa pili wako sawa, ameweka alama ya vema. "Mke mpole" amelikata mistari mitatu, mpaka karatasi ikatoboka, na juu yake ameandika: "NANI?" Machweo hakugusa.

Chini kabisa, pale pa kusaini, amekata "nimeridhika". Ameandika SIJARIDHIKA, kwa herufi zinazolala huku na huku kwa sababu ya ile mikono. Hakuna sahihi.

"Si ulisema bila sahihi kwenu hamchapi?"

"Hatuchapi."

"Hata mwenye duka akitaka?"

"Hata yeye."

"Haya. Chukua mkoba twende, foleni ya damu ni ndefu."

Sikuweza kumaliza uji. Wafula amenimalizia.

Damu imepimwa. Inatosha. Kesho anapewa.

Alhamisi, 5 Juni

Naandika hapa hospitalini, mkoba wake ndio meza yangu. Kemo ya tano. Dawa nyekundu imekwisha, hii ni nyingine, haina rangi. Leo hakufunika macho. Aliitazama ikidondoka kwa muda mrefu, kisha akasema inachosha kama kungoja maji ya mfereji, akasinzia.

Tumesameheana? Sidhani. Njiani aliniambia atanikumbusha jambo hili mpaka nizeeke. Nikasema sawa. Akasema nisifurahi, hilo si zawadi.

Karatasi ninayo mfukoni. Kesho nitaipeleka dukani, niitie kwenye jalada la prufu ambazo hazijasainiwa. Madam Hansa haruhusu zitupwe. Jalada limenenepa, linakaa rafu ya juu. Humo mna kadi za harusi zilizovunjika, kalenda za makanisa yaliyogawanyika, kazi ambazo wenyewe hawakurudi. Kuna nyingine zilikuwapo kabla sijaajiriwa. Hakuna anayezigusa.

Ameamka sasa hivi. Ameuliza ni saa ngapi, kisha kama nimefumua ile mistari yangu ya kombo kichwani mwa Naliaka. Nimemwambia bado.