Tangazo la Jumapili Msangeni

Same, Jumatatu

Kaka Loth, shikamoo.

Jina langu la siri, nililojifichia kama fundi wa programu, nililipoteza jana saa nne asubuhi, baada ya kulitunza miaka mitatu. Ulisimama kanisani wakati wa matangazo ukasema, “Ile programu ya kina mama kuripoti vipigo, fundi wake ni Asnath wetu, tena anajitolea bure.”

Mvua imenyesha huku, mimi mzima. Programu ni huria, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, asome anayetaka. Watu ndio wa kufichwa, kaka. Muuguzi wenu Koleta anasema kati ya kina mama kumi na wanne wa hapo waliokuwa nayo, tisa wameshaifuta kwa kuogopa waume zao.

Wewe ndiye uliyewawekea kwenye simu, unawajua wote. Je, ulimtajia mtu jina la yeyote kati yao? Nijibu ndiyo au hapana, kabla ya Alhamisi saa sita mchana, nijue kama kuna wa kuonywa.

Mdogo wako,
Asnath