Kabla Hajazoea Kukaa

Jumapili, 6 Mei 1956

Damiano yuko nyumbani! Alifika jana na lori la kutoka Chunya, sanduku la bati begani. Mgodi umefungwa. Dhahabu imekwisha, wazungu wamezima mitambo, kila mtu kapewa barua yake. Miaka tisa aliendesha injini ya kuvuta maji huko chini, na mimi hapa Ihanda nikimwona Krismasi na wakati wa kulima tu. Leo kanisani nilimsikia akiimba upande wa wanaume. Bado anaimba vibaya! Nilifurahi mpaka sikumbuki mahubiri yalihusu nini.

Nesta wetu, miaka mitatu, anamkimbia. Anamwita "mgeni".

Jumatano, 9 Mei

Anaamka alfajiri kama vile king'ora cha mgodi bado kinamwita. Ananawa, anavaa viatu, anafunga kamba vizuri. Halafu anakaa kizingitini. Hana pa kwenda.

Leo kafungua cherehani yangu, vipande vyote juu ya mkeka. Haikuwa mbovu! Anadai ilikuwa inalia. Jioni imerudi nzima, inakwenda laini kama maji. Nimemshukuru mara tatu, maana alikuwa anangoja kushukuriwa.

Shamba? Tunalima mimi na wifi yangu Marita, na kahawa yetu ni miti michache. Akishika jembe anatuharibia mistari. Marita kamwambia akapumzike.

Ijumaa, 11 Mei

Kefa amekuja, rafiki yake wa mgodini. Anasema Kopabelti, kwenye migodi ya shaba, wanataka watu wa mashine, mkataba miaka miwili. Lori la kuwachukua litapita hapa Jumamosi tarehe mbili Juni kwenda Tunduma mpakani, kisha ng'ambo. Damiano akasema atafikiri, kwanza apumzike.

Kaka yangu Kasiani alivuka Tunduma mwaka arobaini na tisa. Barua mbili. Basi.

Nimeunguza mboga.

Jumapili, 13 Mei

Baada ya ibada mzee wa kanisa alitangaza: karani wa kazi atakuwa Vwawa kila Jumanne, kuandika majina ya waliorudi kutoka migodini na kuwatafutia kazi huku huku. Nilimtazama Damiano. Alikuwa anatazama paa.

Njiani nikamwuliza. Akasema yeye si mwombaji, apange foleni kama anakwenda kuungama! Watu wakihitaji fundi wanajua anakokaa.

Nilikuwa namkumbuka baba. Alikuwa mnyapara wa barabara. Kazi ilipokwisha alisema atapumzika mwezi mmoja. Ikawa miaka mitano. Hakuwa mvivu, hata kidogo! Ila kila siku kwenda kuuliza kazi kulikuwa kugumu kuliko jana yake. Mwishowe akimwona mtu wa boma njiani anaingia migombani. Sijawahi kumsimulia Damiano haya.

Jumanne, 15 Mei

Nimedanganya. Nimesema nakwenda kumwona shangazi, nikaenda Vwawa.

Karani anaitwa Bwana Mbonile. Mwembamba, suruali imebanwa na vibanio vya baiskeli. Akasema hawezi kumwandika mtu asiyekuwepo. Nikainuka niondoke. Akaniita: "Mama, ngoja kwanza. Huyo mume wako amerudi lini?" Siku kumi, nikasema. Akaweka kalamu chini.

"Basi mlete sasa hivi. Mwenye kazi swali lake la kwanza ni, uliacha lini? Ukimwambia mwezi uliopita, anakusikiliza. Ukimwambia mwaka juzi, anaanza kutazama dirishani. Na mtu mwenyewe naye anabadilika. Mimi nawaona hapa. Anayekuja mapema anaongea. Anayekuja baada ya mwaka anatazama kofia yake."

Kanipa fomu. Nimeiweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Alhamisi, 17 Mei

Ameiona fomu! Hakula mchana. Akaniuliza tu kama nimeshamtangaza mpaka boma kwamba hana kazi.

Nikalia. Halafu nikamweleza habari za baba, zote, mpaka zile za migombani. Alisikiliza akiwa amesimama. Mwisho akasema, "Mama Nesta, wewe unaniona mimi nitafika huko?" Nikasema baba naye hakujiona.

Akatoka nje. Nilimwona anazunguka nyumba, mara ya pili, mara ya tatu. Nesta akamfuata nyuma kwa mbali, naye anazunguka.

Jumatatu, 21 Mei

Leo alinipa shati lake jeupe nilipige pasi. Hakusema la nini. Sikuuliza!

Jumanne, 22 Mei

Tumekwenda wote Vwawa. Mlangoni alisimama muda mrefu, nikadhani atageuka. Nikamsukuma kidogo mgongoni, kidole kimoja tu.

Bwana Mbonile hakumwuliza habari za umaskini. Alimwuliza habari za injini. Ya aina gani, ikikataa kuwaka unaanza wapi, maji yakiingia kwenye mafuta unafanyaje. Damiano alianza kwa sauti ndogo. Baada ya dakika kumi alikuwa ameshika karatasi ya watu, anachora! Foleni nje ikaanza kukohoa.

Kumbe chama cha ushirika hapa hapa Ihanda wameletewa mashine ya kumenya kahawa, ya dizeli. Fundi Efraimu wa Mbeya ndiye anayeifunga, na msimu ukishaanza vizuri ataondoka. Wanataka mtu wa kubaki nayo. Majaribio wiki moja, kuanzia Jumatatu. Mshahara ni mdogo kuliko wa mgodini, na kwanza ataitwa mwanafunzi.

"Mwanafunzi!" akasema tulipofika njiani. "Nina mvi!" Nikamwambia mvi zenyewe ni nne, nimezihesabu. Akacheka. Mara ya kwanza tangu arudi kumsikia akicheka hivyo.

Jumatatu, 28 Mei

Kaenda. Karudi na grisi mpaka masikioni. Anasema Fundi Efraimu ni mdogo kwake kwa umri na anaagiza kama afisa. Hakusema kama atakwenda kesho.

Jumanne, 29 Mei

Kaenda.

Ijumaa, 1 Juni

Kefa alikuja kuaga. Akasema nafasi ya Damiano kwenye lori bado ipo, atasimamisha dereva hapo kwenye ushirika. Damiano akamwomba apitie kwanza kwa Bwana Mbonile. Kefa akasema huko anakokwenda hahitaji kuandikwa. Wakashikana mikono, hawakuachiana upesi. Nampenda Kefa. Alimbeba Damiano alipougua kichomi.

Nimemwuliza Damiano, utakwenda? Akasema mwenyekiti wa ushirika atatoa jibu Jumatatu, na kama jibu ni hapana, lori litakuwa limeshapita. Ni kweli. Nimemfulia nguo zote, ziwe tayari kwa lolote.

Jumamosi, 2 Juni

Naandika kwa penseli, nimekaa juu ya gunia nje ya ushirika. Nilileta chakula. Kimepoa. Mashine imezimika tangu asubuhi, na watu wanazidi kufika na kahawa vichwani. Mwenyekiti anatembea huku na huku. Damiano na Efraimu wamelala chini ya injini, naona miguu tu.

Lori limefika! Limejaa. Kefa amesimama juu, anaita, "Damiano! Damiano we!" Dereva anapiga honi. Miguu haisogei.

Honi tena.

Halafu nikamsikia. Si kumjibu Kefa. Anamfokea Fundi Efraimu: asiguse hapo, pampu imeingia hewa, amwachie yeye, arudi nyuma! Sauti kubwa, ya mtu anayejua. Miaka kumi ya ndoa na sijawahi kuisikia — ni sauti yake ya kazini. Efraimu katoka anapangusa mikono. Mwenyekiti kasimama.

Kefa ananitazama mimi. Nimempungia mkono. Lori linaondoka, vumbi kila mahali, kahawa za watu zote nyekundu zimekuwa kijivu. Na huko chini Damiano anauliza kwa ukali ni nani ameketi tu, aje ashike taa —